Anaruhusiwa Mwenzi Mmoja

Makao Makuu, Idara ya Mauzo
3 Februari

Kwa Bingwa wa Mauzo, Tawi la Stendi

YAH: SAFARI YA WASHINDI

Shikamoo mama,

Kwa niaba ya kampuni nakupongeza kwa kuuza magodoro mengi kuliko mtu mwingine yeyote mwaka uliopita. Kama ilivyotangazwa, washindi kumi na wawili watapelekwa safari ya wiki moja ya kula vizuri na kuonja mvinyo, gharama zote zikiwa juu ya kampuni.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuchagua tuende wapi, na yamebaki maeneo matatu. Ziwani kuna hoteli kubwa yenye wapishi wa samaki na ghala la mvinyo chini ya ardhi. Uwandani kuna mashamba makubwa ya mizabibu na watu wanaotengeneza jibini. Bondeni kuna familia za wakulima wa zabibu wanaopika wenyewe na kukaribisha wageni kwenye meza zao. Naomba uniandikie wewe ungependa wapi, na kama kuna chakula usichokula.

Kila mshindi anaruhusiwa kuja na mwenzi mmoja. Tafadhali nijulishe mwenzi wako ni nani ili nimwandalie nafasi.

Wako katika kazi,
Mratibu wa Safari


Tawi la Stendi
11 Februari

Binti yangu Mratibu,

Marahaba. Nakujibu kwa kalamu, na wewe naomba unijibu hivyohivyo. Mwaka juzi nilipigiwa simu kutoka ofisi hiyohiyo yako nikaambiwa jiandae, umeshinda pikipiki. Nikajiandaa weee, mpaka nikachoka. Nilipouliza, kila mtu akaruka: nani kasema, lini, simu gani hiyo? Tangu siku ile mimi na makao makuu tunaongea kwa karatasi yenye muhuri. Usikasirike, najua hukuwepo.

Pongezi nimezipokea. Wenzangu wananiuliza dawa gani ninayotumia. Hakuna dawa. Wao wanampigia mteja kelele mpaka anakimbia. Mimi namwambia vua viatu, lala hapo, kisha nanyamaza. Mgongo wake wenyewe ndio unaomshawishi. Akianza kusinzia najua nimeuza.

Kuhusu mahali, mimi chochote kitakachowekwa mezani nitakula, sibagui. Mwenye mdomo ni mwenzangu, na nilipomsomea barua yako alisema Bondeni, kwa sababu anataka kuona mtu anayepika kabla hajala alichopika. Kwa hiyo andika Bondeni.

Na mwenzi wangu ni huyohuyo, Bi Mdogo, mke mwenzangu. Usishtuke. Mume wetu alitangulia zamani, akatuachia nyumba moja, jiko moja na watoto saba ambao ukiwauliza mama yao yupi wanakuuliza wa nini. Majirani walikaa vibarazani kungoja tutoane macho. Bado wanangoja, na viti vyao vimechakaa. Ninapozunguka na magodoro ni yeye anayeshika nyumba, na nikirudi miguu imevimba ni yeye anayeweka maji ya moto. Mwandalie nafasi. Hapendi kukaa dirishani.

Mimi,
Bingwa (hivyo ndivyo ulivyoniita, nami nimekubali)


Makao Makuu
18 Februari

Mama Bingwa, shikamoo,

Barua yako niliisoma mara mbili nikacheka peke yangu mpaka mhasibu akachungulia. Lakini hii ninayokuandikia haina kicheko, naomba uniwie radhi.

Mkurugenzi amepitia majina ya wenzi. Kwa wengine wote wamo waume na wake, isipokuwa wewe. Anasema mwenzi maana yake ni mume au mke, na kwamba kila mtu mwenye akili alielewa hivyo. Ukweli ni kwamba neno hilo nililiweka mimi. Washindi ni wanaume na wanawake, nikaona mwenzi linakaa vizuri kwa wote na lina heshima. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Yeye anataka wanandoa kwa sababu kuna mpiga picha. Mwaka huu tunaanza kutangaza Godoro la Wawili, na anataka picha za watu wawiliwawili wakigonganisha glasi jua linapozama. Ndiyo maana moyo wake uko Ziwani. Hoteli ile vyumba vyake vyote vina kitanda kimoja kikubwa, na meza zake ni za watu wawili. Nimekuwekea ratiba yao humu ndani uione.

Amekubali uje peke yako na upewe chumba kizuri. Nakusihi ulifikirie hilo mama. Umeitolea jasho safari hii.

Mratibu


Tawi la Stendi
26 Februari

Binti yangu,

Nimelifikiria. Jibu ni hapana.

Ninayo karatasi yako mbele yangu, ina muhuri wa bluu na sahihi. Imeandikwa mwenzi. Haikuandikwa mume wala mke. Haikuandikwa anayefaa kupigwa picha. Kama Mkurugenzi alitaka mume angeandika mume, nami ningemjibu kwamba wangu yuko mahali ambapo tiketi zenu hazifiki.

Na huyo Mkurugenzi anayelala na mke wake kwenye Godoro la Wawili, mwambie hivi. Magodoro ya Wawili niliyoyauza mimi mtaani, nusu yake wanalala mama na watoto wake, bibi na wajukuu, dada na dada. Sijawahi kumwomba mteja cheti cha ndoa. Nikianza leo, kampuni itafunga milango kabla ya mwezi kuandama.

Unaniambia nije peke yangu! Nikae kwenye meza ya watu wawili nikitazamana na kiti? Magodoro yale niliyabeba kichwani mimi, lakini aliyenifanya niamke kesho yake nikabebe tena ni yeye. Hakuna safari yangu ambayo si yake. Ama tunakwenda wawili, ama mpeni safari huyo aliyeshika namba mbili hapa tawini, namtakia jua zuri la kuzama.

Ratiba nimeiona. Nimeiweka chini ya sahani.

Bingwa


Nyumbani
27 Februari

Kwa Mratibu,

Habari za kazi dada. Hunijui, mimi ndiye Bi Mdogo anayegombaniwa. Naandika kwa siri, Bi Mkubwa akijua atanitoa roho, kwa hiyo hii ukiisoma ichane.

Mimi safari naipenda lakini si lazima. Nimekua bila kuona ziwa na nitakufa salama. Ninachokuomba ni hiki: kama hamtaki niende, basi naye msimpeleke kule Ziwani. Nimeisoma ratiba aliyoiweka chini ya sahani. Siku ya pili wameandika mchezo wa kufungwa macho, watu wananusa vikombe na kusema wamenusa nini, na bingwa ndiye anayeanza.

Dada, Bi Mkubwa hasikii harufu wala ladha. Ilianza na ile homa ya mwaka juzi. Homa ikaondoka, ladha haikurudi. Chumvi na sukari kwake ni mchanga tu. Tumekwenda hospitali, wakatuambia tuvute subira, tumeivuta mpaka imekatika. Alikonda mpaka nikaogopa, alikuwa anasukuma sahani anasema kula karatasi na kula hiki ni mamoja.

Basi nikaanza kumsimulia. Nakaa pembeni yake namwambia, hapo pana ndimu, imezidi kidogo, hapo kitunguu saumu kimeungua kwa sababu nilikuwa naongea na jirani, sasa inakuja pilipili, shika maji. Ananiangalia mdomoni, kisha anasema enhee, nimeipata. Hivyo ndivyo alivyorudisha mwili. Bila mimi hali chakula, anatafuna tu ili watu wasiseme.

Kazini hajui mtu. Anaogopa ataitwa mgonjwa na mtaa wake wapewe vijana. Kule Ziwani atafungwa macho mbele ya watu, apewe kikombe, na hatakuwa na la kusema. Yule mwanamke hajawahi kukosa la kusema tangu nimjue. Nilipoletwa juu yake ndipo pekee alipokataa kunisemesha, mwaka mzima, na hata hapo alikuwa anamsemesha paka ili mimi nisikie.

Usimfanyie hivyo, nakuomba.

Bi Mdogo


Makao Makuu
12 Machi

Mama Bingwa, shikamoo,

Nimerudi kutoka kwenye mizunguko. Nimeyaona maeneo yote matatu kwa macho yangu na nimefanya uamuzi.

Ziwani ni pazuri, siwezi kusema uongo. Lakini kule chini kwenye mvinyo unakatazwa kuongea mpaka bwana mwenye glavu nyeupe amalize kuongea yeye, na hamalizi. Chakula kinakuja kidogo katikati ya sahani kubwa, laini, kimya, hakina hata kitu cha kutafuna. Uwandani wana mvinyo mzuri, lakini kutwa nzima mtu yuko ndani ya gari kutoka shamba hili hadi lile, na jibini lao lote ni la kunusa kwanza.

Bondeni, mama, nilikaa kwenye meza ndefu chini ya bati na watu ishirini wanaongea kwa pamoja. Mkate unapasuliwa kwa mikono, ganda lake linalia kaa! mpaka mwisho wa meza. Nyama inakuja na mfupa wake, moto. Zabibu zinakanyagwa kwa miguu kwenye birika la saruji, na zile kokwa zinakutekenya unyayoni mpaka unapiga kelele bila aibu. Mvinyo wanautoa kwenye mtungi wa udongo, wa baridi, ukiushika unashtuka. Mama mwenye nyumba hakuniuliza nimenusa nini. Aliniuliza nimeshiba? Vyumba ni vidogo na kila kimoja kina vitanda viwili. Nimeandika Bondeni kwenye ripoti yangu.

Na habari njema zaidi: nimepata njia ya kumleta Bi Mdogo. Utaratibu wa kampuni unasema mshindi mwenye sababu za kiafya anaweza kuja na mlezi. Usimkasirikie, aliniandikia kwa mapenzi. Sikumtajia Mkurugenzi ni afya gani. Nimemjaza Bi Mdogo kwenye fomu kama mlezi wako, na ameidhinishwa leo asubuhi. Hongera mama, mnakwenda wawili!

Mratibu, mwenye furaha


Tawi la Stendi
17 Machi

Wewe binti,

Futa.

Futa neno hilo kabla hata hujamaliza kusoma barua hii. Mlezi! Mimi nilelewe? Mlezi ni wa mtoto mchanga na wa mtu aliyelala kitandani hajui leo ni lini. Mimi mwaka jana nimepandisha magodoro ghorofa ya nne kwenye jengo ambalo lifti yake ni picha tu ukutani.

Bi Mdogo nimemnunia kutwa. Akanipikia, akaweka sahani, akakaa pembeni akafunga mdomo kama pochi, hasimulii kitu. Nikatafuna mchanga wangu mpaka katikati, nikashindwa. Nikamwambia haya basi, sema. Akasema, kwanza uniombe radhi. Mimi ndiye niliyeibiwa siri na mimi ndiye niliyeomba radhi, ndiyo nyumba yetu ilivyo.

Sasa nisikilize. Najua ulitaka kunisaidia, na kwa Bondeni nakushukuru, ulipoandika ule mkate unalia nilisikia njaa, mimi ambaye nimesahau njaa ikoje. Lakini yule mwanamke hanilei. Mtu anayekulea anaweza kulipwa akaenda zake na akaja mwingine. Yeye ananipa nusu ya kinywa chake na mimi nampa nusu ya miguu yangu, na hiyo ndiyo maana ya neno uliloliandika mwezi wa pili kwa mkono wako. Ukimwita mlezi umemfanya mtumishi na mimi umenifanya mgonjwa, kwa neno moja, na hujatumia hata wino mwingi.

Tukienda kwa huruma hatuendi. Nimeshinda. Sikubahatishwa.

Na wewe, mbona unaliogopa neno lako mwenyewe? Uliliweka kwa sababu lina heshima. Basi liheshimu.

Bingwa


KUMBUKUMBU YA NDANI
22 Machi

Kutoka: Mkurugenzi
Kwa: Mratibu wa Safari

1. Nimeshangazwa na ombi lako la kufuta kibali cha mlezi ulichokiomba mwenyewe.

2. Katika mwaliko rasmi badili "mwenzi" iwe "mume au mke". Mshindi wa Tawi la Stendi aje na mlezi, aje peke yake, au asije.

3. Ripoti yako kuhusu Bondeni nimeisoma. Meza chini ya bati si taswira ya kampuni hii. Andaa mwaliko wa Ziwani.

4. Kesho nasafiri. Nikirudi nikute mwaliko mezani kwangu kwa sahihi.


Makao Makuu
28 Machi

Kwa Mkurugenzi,

Karibu tena. Mwaliko hutaukuta mezani. Umeshatumwa.

Washindi wote kumi na wawili wameshaupokea kwa posta, wenye muhuri na sahihi yangu. Umeandikwa Bondeni na umeandikwa mwenzi. Kwa mujibu wa barua yako ya Januari kazi ya kuchagua eneo ni yangu, na hiyo barua hukuifuta. Nafasi zimeshalipiwa. Ukitaka kubadilisha itabidi uwaandikie wote kumi na wawili, uwaeleze kwa maandishi ni nani unayemkataa na kwa nini. Wa Tawi la Stendi hapokei simu.

Bondeni sikupachagua kwa kumpendelea mtu mmoja. Nimekuwa naandika ripoti za safari za kampuni hii muda mrefu, na kila mwaka tunawapeleka watu waliouza magodoro mitaani mahali wanapoona haya kuuliza uma upi wa samaki. Wanarudi na picha nzuri na njaa. Safari hii nataka wale.

Neno mwenzi nililiandika bila kufikiri. Sasa nimefikiri, na nimeliacha palepale. Kama kuna adhabu naisubiri ofisini kwangu, mlango uko wazi.

Mratibu wa Safari


Ghalani
6 Aprili

Mama Bingwa, shikamoo,

Badilisha anwani yangu, sasa niko ghala la magodoro, nyuma ya kiwanda. Cheo kimebaki ofisini. Mkurugenzi alinihamisha bila kupandisha sauti, akasema nikapumzishe akili. Nimeambiwa nisikanyage Bondeni.

Safari ipo. Hakuthubutu kuwaandikia watu kumi na wawili. Ila atakuja mwenyewe na mpiga picha wake, na amesema yeye ndiye atakayefungua uonjaji wa kwanza, kwa kumwita bingwa aonje mbele ya wote na kusema maneno mawili ya tangazo. Nimekuambia mapema ili ujipange. Sema tu "safi sana" kisha ukae, hakuna atakayejua.

Usinionee huruma. Mchana nalala juu ya bidhaa zako, na nimeelewa kwa nini zinauzika.

Aliyekuwa Mratibu


Bondeni
19 Mei

Mwanangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani kwangu, na Bi Mdogo yuko kwenye kitanda chake ananikemea nizime taa. Jua liko juu, hakuna taa iliyowashwa, ni mazoea yake tu ya kukemea.

Nianze na jana. Walitukalisha kwenye ile meza ndefu. Kumbe ulikuwa husemi uongo kuhusu mkate! Mkurugenzi akasimama kwenye kichwa cha meza, koti kwenye joto lile, mpiga picha nyuma yake. Akahutubia. Kisha akamimina glasi ya kwanza kwa mkono wake, akaniletea, akasema bingwa wetu atatuonjea kwa niaba ya wote, atuambie amesikia nini.

Nikaishika. Ilikuwa ya baridi kama ulivyosema. Watu wote macho kwangu, na lile neno lako la safi sana lilikuwa hapa kwenye ncha ya ulimi. Mwanangu, nimeshasema safi sana miaka miwili. Kwenye harusi, kwenye misiba, kwa wateja wanaonikaribisha chai. Nimechoka nalo. Nikaona aibu gani hii ninayoibeba mpaka huku, nimevuka mito na milima nije kusema uongo kwa glasi?

Nikampa Bi Mdogo ile glasi. Mkurugenzi akacheka, akasema hapana mama, tunataka wewe. Nikasimama. Nikamwambia, "Mimi sionji kitu. Tangu ile homa mdomo wangu umekufa, na mwaka huo na uliofuata ndio nilioongoza kwa mauzo, kwa hiyo mwenye kutaka kunipa pole aiweke mfukoni. Huyu ndiye anayenionjea. Kwenye barua yenu ameandikwa mwenzi, na aliyeliandika neno hilo mmemfungia ghalani."

Weee! Hata mama mwenye nyumba aliacha kukata nyama. Yule kijana wa tawi la sokoni, anayeshindana nami kila mwaka, akaanza kugonga meza kwa kijiko, na mke wake naye, kisha meza nzima ikawa inalia. Mpiga picha akawa anapiga tu, sijui anampiga nani.

Bi Mdogo yeye hakusikia hata kelele. Alikuwa amekunywa, amefumba macho, ameshika mkono wangu kama anavyofanya nyumbani. Akaanza. "Imeingia na adabu zake," akasema, "imesalimia. Sasa imenifinya shavuni, ina ugwadu, ngoja, kuna kitu nyuma kinakuja, kinachelewa..." Na mimi namwangalia mdomoni, nakingoja.

Mkurugenzi akakohoa. Akasema asanteni sana, basi kwa kuwa muda umekwenda, tuendelee na ratiba.

Nikamwambia, "Kaa chini, baba. Mwenzangu hajamaliza kunisimulia."

Akakaa.

Bi Mkubwa